Ukumbi Usioingia Mkuki

Jumatatu, 4 Agosti

Harusi ni tarehe 30. Matangazo mawili yameshasomwa kanisani, la tatu ni Jumapili hii. Hakuna aliyepinga. Mahali pa kufanyia sherehe bado.

Kamati ilikaa jana hapa Bukoba. Mwenyekiti ni Buberwa, ninayekaa naye meza moja masjala. Hakuna aliyemchagua. Alifika wa kwanza akakaa kwenye kiti chenye mikono. Ajenda ya tatu ilikuwa ukumbi. Kwa kuwa familia zote mbili zimekubali sherehe ya kumuaga binti na sherehe ya harusi ziwe moja, nilitegemea mjadala mrefu, wa utulivu, wenye vielelezo. Nilikuwa nimeandaa vielelezo.

Buberwa akasimama, akasema hakuna cha kujadili. Mzee Protase Kahangwa, baba yake mchumba wangu Kokugonza, amepiga simu. Sherehe itafanyika nyumbani kwake Buganguzi, uani, katikati ya kibanja chake cha migomba. Ndizi zipo. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, itatengenezwa. Na bwana harusi atasimama kwebuga.

Wote wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Mikono ilijipigia yenyewe.

Kwa ajili ya kumbukumbu: kwebuga ni kusimama mbele ya mwenyeji na umati wote, mkuki mkononi, ukatangaza kwa sauti ya juu wewe ni nani, mtoto wa nani, na umefanya jambo gani kubwa. Kila mstari unachoma ardhi kwa mkuki. Baba zetu walifanya hivyo mbele ya watawala. Buberwa hufanya hata tunapomuaga mtumishi aliyehamishwa. Mimi, nikiwa kidato cha pili, nilisimama kwenye mdahalo mbele ya shule nzima nikasahau jina langu. Mwalimu wa zamu akanikumbusha. Akakosea. Nikamshukuru, nikakaa.

Tena, nimefanya jambo gani kubwa? Nina miaka ishirini na saba. Nimepanga majalada.

Mkwe mkubwa wa Mzee, mhandisi kutoka Mwanza, alisoma kwebuga kwake kwenye simu. Mzee akamuuliza kama simu ndiyo inayooa. Hadi leo pale nyumbani wanamwita Simu. Watoto wake wanaitwa watoto wa Simu.

Uamuzi: sitagombana na mtu. Nitatafuta tu mahali ambapo kwebuga hakuwezekani kimaumbile. Nimefungua jalada. Folio ya kwanza: masharti ya ukumbi. (a) Uwe mbali na Buganguzi. (b) Usiingie mkuki.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepapata! Ukumbi wa Machweo, kando ya ziwa. Nilikwenda saa kumi baada ya kazi nikiwa na futi ya fundi. Meneja anaitwa Muksini, mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Nilimwamini papo hapo.

Sakafu ni marumaru: mkuki hauchomi. Milango ni vioo: mkuki hauthubutu. Na dari! Nilipanda juu ya kiti. Silingibodi ziko chini kiasi kwamba mtu akiinua mkuki wa kawaida anazitoboa. Nilipima mara tatu, kona tatu. Muksini akaniuliza kwa heshima, maharusi wengi huuliza viti viko vingapi na choo kiko wapi, mimi mbona napima kwenda juu? Nikamwambia bibi harusi ni mrefu.

Kokugonza ananifika begani.

Halafu nikaona kanuni za ukumbi, zimebandikwa ukutani. Ya saba: ni marufuku kuingia na silaha ya aina yoyote. Nilitaka kumkumbatia Muksini. Nikatoa kianzio pale pale, bila kulala nacho siku mbili, jambo ambalo si kawaida yangu. Fomu ilitaka namba mbili za simu. Kwa uangalifu nikaandika yangu na ya Kokugonza. Risiti imeingia folio 2. Ninajiona kama mtu aliyefunga mlango wa ghala.

Jioni Kokugonza akapiga simu kutoka Muleba. Anafundisha shule ya msingi huko, na sauti yake imezoea darasa la watoto sabini. Nikamwambia nimeona mahali penye hewa. Akauliza wapi. Nikasema hewa ya ziwa. Akasema yeye hana shida na Bukoba wala Buganguzi, hata stendi ya mabasi anaolewa, lakini baba yake nimwambie mimi, kwa mdomo wangu, ana kwa ana. Ijumaa ni Nane Nane, hakuna kazi, niende. Na kama hadi tangazo la tatu Jumapili nitakuwa bado nazungukazunguka, basi atamwomba padre asilisome.

Akamalizia hivi: "Ilde, mimi naolewa na wewe au na hewa?"

Nimeliandika swali hilo kwenye jalada.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejaribu kumvuta Buberwa upande wangu. Nilitumia akili. Nilimwambia, kama mtu asiye na haja, kwamba wageni wa heshima hawatafika Buganguzi kwa sababu ya barabara. Akasema ataazima Noah. Nikasema hata maturubai hayatafika. Akasema ataazima lori. Nikasema je, mvua? Akaniangalia. Akasema ni Agosti.

Akavuta kiti. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni sauti ya watu wengine wakiitana ng'ambo ya barabara, kama ninamwogopa Mzee Kahangwa. Nikakana. Akasema kama namwogopa nikafungie harusi Goziba kisiwani, Mzee hapandi boti. Masjala yote ikacheka. Mimi nilicheka baada ya kuandika "Goziba" kwenye karatasi pembeni. Nikaikata. Mimi pia sipandi boti.

Kisha Buberwa akasema shida yangu ni mazoezi tu. Akachukua rula ndefu ya mita, akapanda juu ya boksi la karatasi, akaanza: yeye ni Buberwa asiyeulizwa njia, aliyekwenda Kampala na kurudi na viatu vilevile, ambaye mbwa wa Muleba nzima humjua kwa kikohozi! Kila mstari rula inapiga sakafu. Mkuu wetu akatoka ofisini kwake. Nikadhani sasa ataonywa kwa maandishi. Mkuu akapiga makofi, akasema hivyo ndivyo kijana wa Kihaya anavyotakiwa kuwa, akanigeukia, akaniambia anasubiri sana tarehe 30.

Mkuu naye anakuja!

Nilikaa nyuma ya kabati la majalada hadi saa ya chai.

Jumatano, jioni

Wazo! Familia yangu ikikataa Buganguzi, mimi siwi mwoga, ninakuwa mtoto mtiifu. Mkubwa wa familia ni Shangazi Magdalena wa Kanazi, aliyenilea tangu baba alipofariki. Mlutheri wa kwaya. Hakuna tone la pombe lililoingia uani kwake kwa miaka arobaini. Nitamtajia rubisi. Basi.

Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii. (Naandika haya kabla ya kulala, lakini nina uhakika.)

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeomba ruhusa, nimekwenda Kanazi. Shangazi alikuwa anaanika kahawa. Nikamsaidia kugeuza ili apate moyo laini. Akaniambia nageuza kama mtu anayefunua Biblia ya mwenzake. Tukaingia ndani, tukala ndizi na maharage. Nikasubiri ashibe.

Nikamwambia kwa huzuni kwamba wakwe wanataka sherehe iwe Buganguzi. Akasema vizuri. Nikamwambia kutakuwa na rubisi, tena nyingi, kwenye mitungi. Akasema Bwana Yesu alikuwa harusini Kana na hakutoka nje. Nikaona mambo yanakwenda upande. Nikatoa neno la mwisho: nikasema wanataka hata nisimame kwebuga, mambo ya kale yale, Shangazi, mikuki na majigambo, wewe kama mtu wa kanisa...

Akainuka. Akaenda chumbani. Nikasikia kitanda kinavutwa.

Akarudi na mkuki wa babu. Umefungwa kwenye khanga mbili, umepakwa mafuta, unang'aa kama kijiko kipya. Akasema ameupaka mafuta kila Krismasi tangu nikiwa darasa la pili, akiisubiri siku hii. Akaniuliza ni kitabu gani cha Biblia kinachomkataza mwanamume kulitaja jina la baba yake mbele za watu. Nikasema sikumbuki. Akasema hukumbuki kwa sababu hakipo, mwanangu.

Nikajaribu kumwambia habari za dari. Akauliza dari gani. Nikasema hamna.

Kesho anakuja nasi Buganguzi. Na mkuki.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Naandika nikiwa Buganguzi, chumba cha wageni, mlango nimeubana kwa kiti. Nitaeleza kwa mpangilio ili kumbukumbu ziwe sahihi, hata kama sitakuwepo kuzisoma.

Saa mbili asubuhi tuliondoka na Noah ya kuazima: Buberwa, Shangazi, mkuki na mimi. Mkuki ulitokeza dirishani. Njiani askari akatusimamisha, akauliza wa nani. Shangazi akasema wa bwana harusi. Askari akanipigia saluti, akaomba nimwonjeshe mistari miwili tu. Nikajifanya naumwa tumbo.

Tukafika. Mzee Kahangwa akatupokea mlangoni, fimbo mkononi, kofia kichwani, macho ya mtu anayekagua mkungu sokoni. Tukaletewa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Nilimeza yangu nzima. Kokugonza alikuwa jikoni na mama yake, akanichungulia na kuniashiria kwa kidevu: mwambie.

Nikafungua mdomo. Mzee akasema ananiona nataka kusema. Nikasema uani hapa ni pazuri sana, Baba. Akasema anajua.

Lakini nilikuwa na mpango. Usiku kucha nilikuwa nao. Nilimuuliza, kwa unyenyekevu, kama kuna migomba itakayokatwa kupisha maturubai. Akasema mgomba hata mmoja hautaguswa, waitu, mwenzetu, ile aliipanda babu yake. Moyo ukaruka! Maana nilichohitaji ni vipimo tu. Turubai la watu mia tatu haliwezi kuenea uani bila kukata migomba. Namba hazina woga. Zenyewe zingemwambia Mzee, kwa niaba yangu, kwamba Buganguzi haifai, na mimi ningesimama pembeni nikisikitika.

Nikaomba ruhusa ya kupima. Mzee akasema pima, akamchukua Buberwa kwenda kumwonyesha kahawa yake. Shangazi akaingia jikoni. Nikabaki na futi na karatasi. Nilihitaji vijiti vya kuwekea alama. Kando ya njia kulikuwa na mti mwembamba, wima, majani marefu yanayoning'inia, laini kukatika. Nikakata vipande kumi na vinne, vyote urefu sawa. Nikavichoma ardhini kwa mstari ulionyooka. Kazi safi! Turubai lilikula ua wote, migomba thelathini na mmoja, nusu ya jiko, na kona moja ya kaburi la babu wa Mzee. Ushahidi ulioje! Nikasimama katikati, nikaandika, nikajipongeza.

Nilipoinua kichwa, watu walikuwa wamesimama njiani. Kama kumi. Bibi mmoja ameweka mkono mdomoni. Mama yake Kokugonza ametoka jikoni na mwiko, amesimama kama picha. Shangazi akanijia haraka, akaniuliza kwa Kihaya kama nimerukwa na akili au ni mambo ya ofisini.

Ulikuwa mlamula.

Naujua mlamula! Kila mtu wa huku anaujua. Ndio mti wa mpaka. Haupandwi ovyo, unapandwa mbele ya mashahidi, na ukishasimama umesema: kuanzia hapa ni pangu. Masjala tuna kabati zima la malalamiko ya mlamula uliong'olewa, mlamula uliosogezwa, mlamula ulioota ghafla. Nimeliandika neno hilo mara zisizopungua mia tano. Kwa wino. Mti wenyewe sijawahi kuutazama. Nilipelekwa shule ya bweni nikiwa na miaka kumi, na kwenye jalada hauna majani.

Kwa hiyo mbele ya mashahidi kumi, mchana kweupe, siku ya wakulima, nimepanda mipaka kumi na minne katika kibanja cha baba mkwe. Nimejigawia ua, migomba, nusu ya jiko na babu yake.

Mzee alirudi. Akasimama. Akavihesabu vijiti kwa fimbo, kimoja kimoja, bila haraka. Akaona jinsi vilivyonyooka. Nadhani kunyooka ndiko kulikomuumiza zaidi. Hakupandisha sauti. Alimtuma mtu awaite wazee wa kitongoji, waje kesho saa tatu asubuhi. Vijiti visiguswe.

Kokugonza akaja karibu. Akasema atanitetea kwa lolote, ila leo hajui aanzie wapi. Kisha akaniuliza kama kweli nilimwambia baba yake habari za mahali pangu penye hewa. Nikasema nilikuwa njiani kumwambia. Akatazama vijiti. Akasema Jumapili iko pale pale.

Buberwa ana funguo za gari. Nimemwomba tuondoke. Amesema hajawahi kuona sherehe nzuri hivi na bado hata haijaanza.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa tatu kamili. Wazee watano kwenye benchi, Mzee Kahangwa katikati, wanakijiji kwenye nyasi, wengine kati ya migomba. Vijiti vyangu vimesimama vilevile. Kimoja kilionekana kama kimeshika mizizi. Huenda ni hofu.

Nilikuwa nimeandika maelezo. Kurasa mbili, aya zenye namba, radhi kwenye aya ya 1, ya 4 na ya 9. Nikaanza kuyafungua. Mzee akanyoosha mkono, akayapokea, akayakunja, akayaweka mfukoni. Akasema atayasoma siku atakayokuwa na miwani. Leo nijibu kwa mdomo.

Maswali ni matatu, akasema. Wewe ni nani? Umetoka kwa nani? Umekuja kuchukua nini hapa kwangu?

Hata kuku walisimama. Niliangalia juu, nikiitafuta dari. Hakuna dari Buganguzi. Ni mbingu tu, tena ndefu.

Nilisimama pale mpaka Shangazi akaona aibu. Akanijia na mkuki, akanitia mkononi, akaninong'oneza nishike kitu nisianguke. Nikaegemea. Mkuki ukazama ardhini. Na pale ulipozama, sauti ikatoka. Sikuiruhusu. Ilitoka kubwa, kama ya mtu anayeita msaada, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Mimi ni Ildefons! Mtoto wa Mushumbusi wa Kanazi! Nani aliyekuwa akimdai alipokufa? Hakuna!"

Mkuki chini. Niliogopa kuacha kusema, maana nikiacha wangejibu.

"Mimi ni karani wa majalada elfu nne, sijapoteza hata moja! Wakubwa hupoteza miwani, mimi ninajua iko wapi!"

"Eee!" Mtu nyuma. Ilinisukuma.

"Nimewaogopa mbuzi wa Kanazi nikapita njia ndefu, lakini nilifika! Nimeogopa boti, nimeogopa mdahalo, nimekuogopa wewe, Baba, tangu siku ya kwanza, na nimekuja! Niliukata mlamula kwa ujinga, kwa sababu nilisoma sana nisiangalie! Sitaki kibanja! Sitaki mgomba! Babu nimemrudishia kona yake! Nimekuja kumchukua Kokugonza, na kama hutaki, niambie nimesimama, maana nikikaa siinuki tena!"

Mkuki chini, mara tatu, kwa sababu mkono haukujua kusimama.

Nikajua nimekwisha.

Halafu vigelegele! Kutoka jikoni kwanza, kisha kila mahali. Wazee walikuwa wamesimama. Mzee wa kando, asiye na meno, alikuwa analia na kucheka. Buberwa alirusha kofia ikanasa kwenye mgomba. Mzee Kahangwa alisogea mpaka puani kwangu, akachukua mkuki, akaurudisha ardhini mara moja, akajibu kwa mistari yake. Mirefu. Sikusikia neno, masikio yalikuwa yanapiga kengele.

Kisha akawaambia watu kwa sauti ya kawaida kwamba amesubiri miaka kumi na miwili tangu Simu. Kwamba mwanamume akisema anaogopa na amekuja hivyohivyo, huyo hatamwacha binti yake njiani. Akaenda akang'oa vijiti mwenyewe. Kumi na vitatu. Cha kumi na nne, kile kilichokuwa mbele ya miguu yangu, akakiacha. Akasema kiote, wajukuu waone baba yao alisimama wapi.

Maturubai? Hakuna maturubai. Wageni watakaa kati ya migomba, penye kivuli, kama alivyooa yeye. Wazee wakakubali. Shangazi akakubali. Nikasikia mtu mwingine anakubali, nikagundua ni mimi.

Nilipokuwa nimekalishwa chini, bado napepewa, Mzee akaniinamia. Akasema ya leo ilikuwa nzuri kwa kuonja. Tarehe 30 anataka ndefu.

Jumapili, 10 Agosti

Tangazo la tatu. Padre akauliza kama kuna anayejua kizuizi. Buberwa akakohoa. Nikamkanyaga. Tangazo limepita.

Baada ya misa Kokugonza akanishika mkono mbele ya watu wote, mlangoni. Akasema alidhani anaolewa na jalada, jana akafunua akakuta kuna mtu ndani. Mtu wa kuogopaogopa, akasema, lakini wa kwake. Nilitaka kumwambia habari za Ukumbi wa Machweo. Kwa kweli nilitaka. Lakini alikuwa anatabasamu, na mimi si mtu wa kuharibu.

Tena hakuna haja. Kesho nitafuta ukumbi kimya kimya. Hakuna atakayejua.

Jumatatu, 11 Agosti

Saa sita, wakati wa chakula, nikaenda kwa Muksini. Kianzio hakirudishwi. Kanuni ya nne, iko juu kidogo tu ya ile ya silaha, sijui niliirukaje. Ila tarehe inaweza kusogezwa, kwa sherehe nyingine, ndani ya mwaka mmoja.

Sherehe gani? Nikafikiri mbele, kama mtu mwangalifu anavyopaswa. Baada ya harusi, mtoto. Baada ya mtoto, ubatizo. Ubatizo utafanyika wapi? Kwa babu yake. Na baba wa mtoto atasimama...

Nikahesabu miezi kwa vidole. Jumamosi, tarehe 13 Juni. Nikajaza: ubatizo, wageni hamsini, silaha hakuna. Muksini akanipongeza, akauliza mama anaendeleaje. Nikamwambia bado hatujaoana. Akaiweka kalamu mezani. Akaichukua ile ya pili. Akaandika bila kuniangalia.

Nikarudi masjala mwepesi kama karatasi.

Saa tisa. Simu ya Kokugonza. Anacheka mpaka hawezi kupumua, kwa hiyo nikajua ni vibaya. Tarehe ikisogezwa, ukumbi hutuma ujumbe wa uthibitisho. Kwa namba zote mbili. Shule zimefunga kwa mapumziko ya katikati ya muhula, yuko nyumbani Buganguzi, simu yake ilikuwa kwa baba yake anayesubiri kupigiwa na watu wa vyombo. Mzee alivaa miwani. Akausoma kwa sauti uani, mbele ya mama, bibi asiyefunga mdomo, na wazee wawili waliokuwa wamekuja kukitazama kijiti changu: hongera kwa kupata mtoto, ukumbi wenu kwa ajili ya ubatizo umehifadhiwa.

Kokugonza amemweleza hakuna mtoto. Mama anamwamini. Mzee anasema anaweza kuamini, ila anataka kusikia kutoka kwangu. Na kwa kuwa miwani ilikuwa tayari machoni, amesoma na maelezo yangu ya Jumamosi, na ana maswali kuhusu aya ya 6. Wazee wameitwa tena. Jumamosi hii, saa tatu. Nije na mkuki.

Kokugonza amesema nisiogope, nije tu niseme ukweli kama siku ile, na safari hii yeye atasimama pembeni yangu. Amesema anamwona babu wa mtoto asiyekuwepo anatabasamu ndani ya ndevu. Nimemwambia nitakuja bila kukosa.

Saa kumi na dakika tano. Nimetafakari kwa utulivu. Mtumishi wa umma anaweza kutumwa kikazi popote, wakati wowote, hata Jumamosi. Nimemuuliza Buberwa, kama mtu asiye na haja, boti ya Goziba huondoka siku gani. Ijumaa. Nimemuuliza kama wavuvi wana mikuki. Amesema ya nini, wana nyavu.

Nimefungua jalada jipya.